Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tabora: mshipa mkuu nao upimwe

Daktari, pole na kazi.

Mzee wangu alilima tumbaku Urambo maisha yake yote, na akaivuta. Akitoka kuchochea moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, alisokota majani kwa karatasi ya daftari langu la shule. Alipofika miaka 70 alipimwa tezi dume kwa ultrasaundi. Kifaa kilipita chini ya kitovu, tukapewa majibu, tukarudi nyumbani. Miezi minane baadaye maumivu ya kiuno yakamwangusha shambani. Hospitali nyingine ikaona mshipa mkuu wa damu, aota, umetanuka tumboni hadi sentimita 7. Kawaida ni kama 2. Ulipasuka tukiwa bado tunahangaikia gari la rufaa.

Tangu hapo nimeusoma sana ugonjwa huu. Ukuta wa aota una nyuzi za elastini, zinazouvuta na kuurudisha, na za kolajeni, zinazouzuia usipasuke. Mwilini mna vimeng'enya vya kukata nyuzi hizo, viitwavyo metaloproteinezi. Cha kwanza kiligunduliwa mwaka 1962 kwenye mkia wa kiluwiluwi, kwa kuwa ndivyo vinavyoumaliza mkia anapogeuka chura. Kwetu husaidia vidonda kupona. Lakini seli za kinga zikivamia ukuta wa aota huvimwaga kwa wingi, nao ukuta huliwa taratibu bila mwenyewe kuhisi chochote. Uvutaji wa tumbaku ndio unaochangia zaidi.

Watafiti walitumaini kuvizima vimeng'enya hivyo kwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria tunayoijua sote. Kwa panya ilisaidia, na niliposoma hapo moyo ulinidunda. Kisha nikafikia utafiti wa Marekani uliotangazwa 2020: wagonjwa walimeza miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa miaka 2, na mishipa yao ikaendelea kutanuka sawa na ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Basi kwa sasa tegemeo letu ni kuuona mshipa mapema, kabla ya sentimita 5.5 ambazo kwa wanaume ndizo kipimo cha kufikiria upasuaji. Wala siombi mashine mpya. Mwanamume wa miaka 65 na zaidi aliyewahi kuvuta, akilala kitandani kupimwa tezi, ini au figo, mtaalamu apandishe kifaa juu ya kitovu, apime upana wa aota, auandike. Ni dakika chache tu. Ukifika sentimita 3, apangiwe tarehe ya kurudi na asaidiwe kuacha tumbaku.

Toa agizo hilo kwa maandishi, Daktari, lifike Urambo, Kaliua na Sikonge. Niko tayari kuja ofisini kwako na karatasi ya majibu ya mzee. Ina mistari minne, yote ya tezi.

Mtoto wa mkulima wa tumbaku,
Urambo