Pingi inajibu, ankara haifunguki: tunavyonasa pakiti za VPN

Mteja wetu mmoja ana ofisi Dar es Salaam na tawi Mwanza, zimeunganishwa kwa VPN ya IPsec (njia inayosimba data inapopita kwenye intaneti) kati ya faiawoli mbili, yaani vifaa vya kulinda mtandao. Siku moja Mwanza wakawa wakibofya ankara iliyo kwenye seva ya Dar, kioo kinabaki cheupe. Pingi, jaribio dogo la kuuliza kama upande wa pili upo, inajibu vizuri tu. Fundi wa kwanza alimshauri anunue seva mpya. Bahati nzuri, wiki ile hakuwa na hela.

Kunasa pakiti ni kurekodi vipande vya data vinavyopita mtandaoni. Wengi hudhani trafiki ikishasimbwa, hakuna cha kuona. Kweli, ukinasa upande wa intaneti utaona ESP tu (pakiti zilizosimbwa za IPsec), au ESP hiyo ikiwa ndani ya UDP, mlango 4500, kama njiani kuna NAT, yaani kifaa kinachobadilisha anwani za IP. Ila bahasha iliyofungwa bado ina anwani, uzito na namba. Kila pakiti ya ESP ina namba yake ya mfuatano, na namba hiyo haifichwi.

Kwa hiyo tunanasa sehemu nne kwa wakati mmoja: ndani na nje ya kila faiawoli, saa zikiwa zimelinganishwa kwa NTP (huduma ya kusawazisha saa mtandaoni). Upande wa ndani data ni wazi, kwa sababu haijasimbwa bado au imeshafunguliwa. Nje, kwenye mashine ya Linux, inatosha hivi:

tcpdump -ni eth0 'esp or udp port 4500'

Angalizo: baadhi ya faiawoli huipitisha trafiki ya VPN moja kwa moja kwenye chipu, kwa hiyo kinasa hakioni kitu. Kabla hujasema pakiti hazipo, zima kwanza huo mchepuko. Nasi ulishatupotezea mchana mzima.

Tukarudi kwa ankara. Dar, ndani, seva ilikuwa inajibu. Nje, ESP zilitoka, kubwa zikiwa na baiti 1,500 kamili. Mwanza, nje, namba zikaanza kuruka: ndogo zote zimefika, kila ya baiti 1,500 haipo. Laini ya tawi ilikuwa ya PPPoE, aina ya muunganisho wa intaneti ambao pakiti yake kubwa kabisa ni baiti 1,492. Zilizidi kwa baiti nane, haziruhusiwi kukatwa vipande, na ujumbe wa ICMP wa kuirudishia Dar taarifa kwamba pakiti ni kubwa mno ulikuwa umezuiwa mahali fulani njiani. Pingi ya Windows hubeba baiti 32 tu za data, ndiyo maana ilikuwa inapita huku inacheka.

Tulishusha MSS ya TCP, yaani data nyingi zaidi inayobebwa na pakiti moja, hadi baiti 1,350 kwenye faiawoli zote mbili. Pakiti kubwa za ankara sasa hutoka na baiti 1,452, pamoja na vichwa na usimbaji. Seva ni ile ile.

Wateja hutuuliza kama tunasoma mambo yao. Wireshark, programu ya kuchambua pakiti, inaweza kufungua ESP ikipewa funguo za kipindi hicho, na kwenye Linux amri ya ip xfrm state huzionyesha waziwazi. Sisi ni mara chache tunazihitaji. Tukizitumia, tunaanzisha VPN upya ili funguo zibadilike, kisha tunafuta faili mbele yako. Fundi akikuomba umtumie funguo na faili la kunasa kwa WhatsApp, mkatalie.

Ukitupigia, uwe na saa tatizo lilipotokea, anwani ya IP ya kompyuta inayogoma, na mtu wa kubofya ankara wakati tunanasa. Huyo wa mwisho ndiye hukosekana kila mara.