Barua kwa Upendo: mvinyo na pango la fuwele huko Put-in-Bay

Sandusky, Ohio
3 Juni

Mpendwa Upendo,

Habari za Columbus? Watoto hawajambo? Barua yako imefika. Umeuliza kama inafaa kumpeleka mama Put-in-Bay atakapokuja mwezi wa nane, na kama mtu asiyekunywa pombe atapata la kuona kwenye kiwanda cha mvinyo. Inafaa kabisa, na la kuona lipo tele, kwa sababu chini ya kiwanda hicho kuna pango ambalo hata mtu asiyejali mvinyo anaweza kusafiri mbali kuliona. Ila magoti ya mama yatalazimu mpange mambo mapema.

Kisiwa chenyewe kinaitwa South Bass, kiko Ziwa Erie upande wa magharibi. Put-in-Bay ni kijiji tu, lakini watu huita kisiwa kizima kwa jina hilo. Kiwanda unachokitafuta ni cha Heineman, kwenye barabara ya Catawba Avenue, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka katikati ya kijiji. Kilianzishwa mwaka 1888 na Gustav Heineman, mhamiaji kutoka Baden, Ujerumani, na hadi leo kimebaki mikononi mwa familia. Mwaka 1897 wafanyakazi walikuwa wakichimba kisima cha kiwanda. Walipofika kina cha mita 12 hivi, hawakukuta maji ya kisima. Wakatobokea kwenye uwazi uliojaa fuwele kila upande. Hilo ndilo pango linaloitwa Crystal Cave.

Anzeni na pango, mvinyo baadaye. Ngazi za kushukia ni nyembamba na zina mteremko mkali, na hakuna lifti. Mtu ashuke akiwa na miguu imara na kichwa chepesi. Tena wageni wengi hufika kisiwani karibu na saa sita mchana, wakanywa kwanza, halafu wote wakakumbuka pango kwa pamoja alasiri. Ukifika mapema asubuhi, kundi lako litakuwa dogo, na kule chini kundi dogo ni jambo kubwa, maana nafasi ni finyu na kila mtu anataka kusimama pale pale taa inapomulika.

Sasa kuhusu mama. Kama anapanda ghorofa mbili bila kusimama, atashuka na kupanda, mradi ashike reli na mmoja wenu atangulie mbele yake wakati wa kushuka, na abaki nyuma yake wakati wa kupanda. Kama hawezi, usimlazimishe. Awasubiri juu kwenye bustani ya kiwanda na glasi ya juisi, hatakosa raha. Viatu viwe vya soli ya mpira, kwa sababu ngazi zinaweza kuwa na unyevu. Na hata kama juu jua la Agosti linawaka, mle chini baridi ni ya nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima. Mama ajifunge kitenge cha pili mabegani au achukue sweta.

Mkiwa ndani, waambie watoto waangalie juu, chini na pembeni. Mawe yenye tundu lililojaa fuwele ndani yanajulikana duniani kote, na mengi mtu huyashika kiganjani. Pango hili ni jiwe la aina hiyo hiyo, lakini watu wazima wanaingia ndani yake na kusimama. Husemwa kuwa ndilo kubwa kuliko yote yanayojulikana duniani. Sehemu yake pana kabisa ina kama mita 10 na nusu. Fuwele kubwa zinakaribia urefu wa mita moja, na uzito wa moja hukadiriwa kufika kilo 135. Uzito huo si ajabu ukijua madini yenyewe. Ni selestiti, yaani salfeti ya strontiamu, na ujazo wa lita moja ya madini hayo una uzito wa karibu kilo 4. Rangi yake ni samawati iliyofifia. Chini ya taa nyingine huonekana kama kijivu au nyeupe, kwa hiyo usikatishwe tamaa na mtazamo wa kwanza. Sogea hatua mbili, mwanga ubadilike.

Hakuna kugusa, na hapa naomba uwe mkali kwa watoto. Fuwele hizi ni laini kuliko zinavyoonekana. Hata kisu cha jikoni kinazikwaruza. Mafuta ya vidole nayo huacha utando unaoshika vumbi, na kilichochakaa mle ndani hakirudi tena katika maisha yetu wala ya wajukuu.

Mama alikulia Tanga, atauliza kama pango hili ni ndugu wa mapango ya Amboni. Si hasa. Amboni ni chokaa iliyotafunwa na maji. Hapa South Bass kulikuwa na bahari ya kale, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, ambayo ilikauka na kuacha matabaka ya dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa, na chumvi za salfeti. Kati ya chumvi hizo kulikuwa na anhidraiti, ambayo ni jasi isiyo na maji ndani yake. Maji yalipoifikia, ikageuka kuwa jasi ya kawaida na kuvimba, ikainua miamba iliyokuwa juu yake. Baadaye jasi hiyo ikayeyuka na kuchukuliwa na maji, uwazi ukabaki, na mara nyingi paa likaporomoka. Ndiyo maana mapango mengi ya kisiwa hiki yana sakafu ya vifusi na dari lililoinama. Katika Crystal Cave kuliongezeka jambo moja: maji yenye strontiamu yalikutana na salfeti, na selestiti, ambayo huyeyuka kwa shida sana, ikaanza kujenga fuwele ukutani, polepole, bila kusumbuliwa.

Nafasi unayosimama si yote ya asili. Sehemu ya fuwele zilichimbwa na kuuzwa kabla pango halijafunguliwa kwa wageni, kwa sababu strontiamu ndiyo inayotoa rangi nyekundu kwenye fataki. Kwa hiyo zilizobaki ni za kuhesabiwa na kutunzwa.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha safari nzima. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933, Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe nchi nzima. Viwanda vya mvinyo vya visiwa hivi vilikufa kimoja baada ya kingine. Heineman waliuza juisi ya zabibu, na waliwatoza wageni kiingilio cha kushuka pangoni. Mvinyo utakaouona juu upo kwa sababu ya pango lililo chini. Ukimweleza mama hivyo kabla hamjaingia kiwandani, mapipa yatakuwa na maana nyingine.

Kiwandani, wewe binti wa Dodoma utaona tofauti nyingi na nyumbani. Kule mzabibu haulali. Mkulima hukata matawi na kupata mavuno mara mbili kwa mwaka. Huku mavuno ni mara moja, Septemba na Oktoba, na kinachowezesha ni ziwa. Majira ya kuchipua, maji bado yana baridi ya miezi iliyopita, hivyo machipukizi huchelewa kutoka hadi jalidi, yaani umande unaoganda usiku, ipite. Majira ya vuli, maji yanakuwa bado na joto la kiangazi, hivyo jalidi huchelewa na zabibu hupata wiki kadhaa za ziada za kuiva. Zabibu aina ya Catawba hasa inazihitaji, kwa kuwa huiva kwa kuchelewa mno. Hasara yake ni kwamba upande huu wa ziwa una kina kidogo, wastani wa mita 7 na kitu, basi baridi ikizidi uso wote wa maji huganda na ulinzi unapungua wakati ule ule unapohitajika.

Upepo wa ziwani nao unakausha majani. Hilo ni jambo la uhai kwa Catawba, ambayo ukungu huishambulia haraka. Katika karne ya 19 Nicholas Longworth alijipatia sifa Cincinnati kwa mvinyo wa Catawba wenye mapovu, lakini uozo mweusi na ukungu viliangamiza mashamba ya bonde la mto Ohio, na kilimo cha zabibu kikahamia zaidi huku visiwani na ufukweni.

Muulize mwongoza ziara kuhusu kukamua. Zabibu za asili ya Marekani, kama Concord, Niagara na Catawba, zina nyama ya utelezi inayochomoka kwenye ganda nzima nzima. Ukiziweka hivyo hivyo kwenye mashine ya kukamulia, hujibana kuwa tope lisilopitisha maji, au huchomoka pembeni. Dawa yake ni kuchanganya na makapi ya mpunga, yale maganda makavu yanayobaki baada ya kukoboa. Yanafungua njia za juisi kupita na hayaongezi ladha.

Tatizo la pili ni sukari. Zabibu hizi zina uchachu mwingi na utamu wa kadiri. Juisi yenye gramu 160 za sukari kwa lita hutoa mvinyo wa asilimia 9 hivi ya kilevi. Watengenezaji huongeza sukari kabla juisi haijaanza kuchachuka, takriban gramu 17 kwa lita kwa kila asilimia moja wanayotaka kupandisha. Na kwa sababu mvinyo mwingi wa huku huuzwa ukiwa mtamu, ni lazima hamira ichujwe au izuiwe kabla ya kufunga chupa. Ikibaki hamira hai pamoja na sukari, mvinyo huanza kuchachuka upya ndani ya chupa, gesi ikajaa, kizibo kikaruka.

Kwenye kuonja, msianze na kitamu. Anzeni na mkavu, yaani usio na utamu, halafu wa Catawba wenye rangi ya waridi, mwisho Niagara na Concord. Ukianza na Concord, ulimi unashiba sukari, na kila kinachofuata kitaonekana kichachu. Harufu ya Concord utaitambua mara moja. Ni ile ya juisi ya zabibu ya dukani, yenye rangi ya zambarau, na inatoka kwenye zabibu yenyewe, hakuna aliyeiongeza. Watu waliozoea mvinyo wa Ulaya huidharau. Mimi naona wanakosea, kwa sababu wanaipima zabibu ya hapa kwa kipimo cha zabibu ya kwingine. Catawba iliyopozwa vizuri, nyuzi 7 hadi 10, ina uchachu safi unaokwenda sawasawa na samaki wa ziwani.

Tiketi ya ziara huja pamoja na glasi ya mvinyo au ya juisi. Mama na watoto wachukue juisi, na waseme mapema wakati wa kukata tiketi. Wewe beba pasipoti au leseni. Umri wa kunywa ni miaka 21, na wahudumu wanaweza kudai kitambulisho hata kwa mtu mzima.

Njia za kufika ni mbili. Boti ya kasi kutoka Port Clinton inachukua kama nusu saa na inawashusha katikati ya kijiji, ila haibebi magari. Feri ya Miller kutoka rasi ya Catawba inachukua dakika 20 hivi, ni ya bei nafuu, lakini inatia nanga upande wa kusini, zaidi ya kilomita 3 kutoka kijijini. Kwa ajili ya mama, chukueni boti ya kasi, halafu teksi hadi kiwandani. Vigari vya gofu vinakodishwa kila kona, na dereva lazima awe na leseni. Sheria ya kuendesha ukiwa umekunywa inavihusu sawa na gari, na polisi wa kisiwani wanaifuata. Andika saa ya chombo cha mwisho kabla hamjaondoka gatini.

Nendeni siku ya katikati ya wiki. Jumamosi ya Agosti kijiji hujaa vijana waliokuja kulewa, na mama hatakuwa na pa kukaa kwa utulivu. Kama muda utabaki, ng'ambo ya barabara kuna Perry's Cave, lenye ziwa dogo chini ya ardhi, na karibu na gati kuna mnara wa mita 107 wa Perry, kamanda wa majini wa Marekani, kumbukumbu ya vita alivyopigana na Waingereza ziwani tarehe 10 Septemba 1813. Ukichagua kimoja, mpeleke mama mnarani, autazame kutoka chini. Magoti yatakuwa yamechoka na ngazi za pango la kwanza.

Mkinunua chupa, msiziache kwenye gari juani Port Clinton. Joto hutanua mvinyo, kizibo kinasukumwa, hewa inaingia. Funika kwa taulo, weka kwenye kiboksi cha barafu. Na siku moja ukiona vichembe vinavyong'aa chini ya chupa, usidhani ni vigae vya kioo ukamwaga. Ni chumvi ya asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi ya friji. Mimina taratibu, viache chini.

Mpigie mtu wa kiwanda simu siku moja kabla, uulize ziara ya kwanza ni saa ngapi, kisha ndiyo uchague boti. Msalimie sana mama, mwambie shikamoo yangu imefika kabla yake.

Rafiki yako,
Tatu