Kulia Twajua, Kushangilia Je?

Kwa akina mama wa ushirika wetu, Kisumu

Binti zangu na wenzangu, Bwana Yesu asifiwe.

Magoti hayaniruhusu tena kupanda matatu kila Jumatano, na neno hili sikutaka kumtuma mtu nalo, maana lingewafikia limeongezwa chumvi. Ndiyo maana ninaandika.

Juzi mwenzetu alifiwa na mama mkwe wake kule Siaya. Kabla jua halijatua, simu yangu ilikuwa haitulii: pole, pole sana, Mungu awatie nguvu. Mchango ulipita kiasi tulichopanga. Mlijaza basi, mkabeba sufuria zenu, mkalala matangani, mkaosha vyombo vya watu msiowajua. Nilijivunia ninyi.

Wiki iliyofuata mwenzetu mwingine alifungua duka la nafaka na omena pale Kondele. Mnajua alikotoka. Miaka yote hiyo alikuwa akikaa chini nje ya soko la Kibuye, anapima omena kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, juu ya gunia, na mvua ikija anafunika mali kwa nailoni, yeye mwenyewe analowa. Alitualika mapema. Alikodi viti, akanunua kreti za soda, akakaanga beseni zima la mandazi. Rangi ya mlango ilikuwa bado inanata. Waliofika ni watu wa kwao, mchungaji, na wachache wetu wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alipotuma picha kwenye grupu ya WhatsApp, watu walinyamaza, isipokuwa mmoja aliyeuliza, “Hizo pesa ametoa wapi?” Ujumbe ulifutwa upesi, lakini macho yangu bado yanaona.

Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 12 aya ya 15: “Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao.” Sisi tumeshika nusu ya pili kikamilifu, na ile nusu ya kwanza tumeiruka. Si tatizo la Kisumu peke yake. Yohana Krisostomo, aliyehubiri juu ya maneno hayo katika karne ya 4, alisema kufurahi na anayefurahi kunahitaji moyo mkubwa kuliko kulia na anayelia. Kulia, alisema, hata maumbile yanatusukuma. Mimi naongeza langu: anayefiwa nakwenda kwake nikiwa nimesimama, yeye ameketi chini. Mimi ndiye ninayetoa. Kwa aliyefanikiwa sina cha kutoa ila furaha yangu, na tena lazima niinue shingo kumtazama. Hapo ndipo shingo zetu zinapokakamaa.

Mtaniambia wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Walisema kweli. Lakini wapo watu wanaotupenda tukiwa katika dhiki tu, na siku dhiki ikiondoka nao wanaondoka. Msiwe hao.

Nadhani tatizo letu ni kwamba tunamfikiria Mungu kama mweka hazina wa merry-go-round, ule mchango wa kupokezana kwa zamu. Kwenye chama zamu zinajulikana: leo ni yako, mwezi ujao ni yangu, na anayepokea tunampigia makofi kwa sababu tunajua yetu inakuja. Basi tukimwona mwenzetu amepokea, na sisi tulitangulia kuokoka, tulitangulia kuomba, tunaona ameruka foleni. Wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 walinung'unika vivyo hivyo. Walioingia kazini alfajiri walilipwa dinari moja kama walivyopatana. Hakuna aliyewaibia hata senti. Kilichowauma ni kuona aliyeingia saa kumi na moja jioni naye amepewa dinari. Duka la Kondele halikujengwa kwa matofali yaliyotoka kwenye nyumba yako, mwanangu.

Na hizi habari za “amejiunga na wale watu,” “amekwenda kwa mganga,” zikome. Mwenzetu alichukua mkopo wa SACCO na kila siku anaamka saa kumi alfajiri. Ningefurahi kama yule aliyeuliza pesa zimetoka wapi angemwendea na kumwuliza amewezaje, kwa nia ya kujifunza. Angeambiwa yote, maana si mtu wa kuficha.

Sisemi tumpigie makofi kila mwenye gari jipya. Upendo haufurahii udhalimu, na mheshimiwa anayeleta kanisani mabunda ya noti zilizopaswa kununua dawa za zahanati hana ushindi wa kushangiliwa. Hapo ulizeni zimetoka wapi, na mwulize kwa sauti. Ajabu ni kwamba huyo ndiye tunayempigia vigelegele.

Wivu ukikujia, usijifanye haupo. Asafu katika Zaburi ya 73 alimweleza Mungu waziwazi kwamba aliona wivu, na zaburi yake tunaisoma hadi leo. Mtaje mwenzako kwa jina mbele za Mungu, uombee biashara yake hiyohiyo inayokuchoma. Mara ya kwanza maneno yatakwama kooni. Endelea hivyo hivyo.

Kisha someni Luka sura ya 1 polepole. Elisabeti alikuwa mzee, amekaa na aibu ya utasa maisha yake yote, na mwishowe amepata mimba. Mwezi wa sita anaingia binti mdogo wa ukoo wake, Mariamu, naye ana mimba iliyo kuu kuliko yake. Angeweza kusema, hata siku zangu hizi chache za furaha nimenyang'anywa! Yeye alipaza sauti kuu akambariki. Na alipojifungua, majirani na jamaa zake walikuja wakafurahi pamoja naye.

Basi Jumamosi hii, saa nane mchana, tunakwenda Kondele. Bado anapimia gorogoro. Kilichobaki cha mchango wa matanga, familia ikiridhia, tununue mizani, kikipungua nitajazia. Mje na pesa zenu mnunue, msimwombe bei ya undugu siku hiyo. Mimi nitaletwa na tuktuk.

Najua pia kuna miongoni mwenu ambao vigelegele vya mwenzao vinawauma kwa sababu nyingine. Unaimba kwenye sherehe ya mtoto wa mwenzako, na wewe umeomba mtoto miaka na miaka. Huo ni uchungu, sio wivu, na Hana, mama yake Samweli, aliulilia hekaluni hata kuhani akamdhania mlevi. Wa namna hiyo asilazimishwe kuja Jumamosi. Aje kwangu siku yoyote baada ya chakula cha mchana, na asibishe hodi mlango wa mbele, siusikii. Apitie jikoni.

Ni mimi,
Dani wenu, yaani nyanya yenu