Salamu za Idi kutoka kwenye daftari la vipimo

Assalamu alaykum ndugu, jamaa na mashoga zangu. Idi Mubarak.

Mwezi umeandama, redio imetangaza, na watoto wa hapa Kikwajuni, Unguja, wanapiga kelele kama kwamba wao ndio waliouona. Habari ilinikuta nimeshika pindo la gauni la mwisho. Mwenyewe alikuwa kakaa mlangoni tangu magharibi, akanipokonya likiwa bado lina moto wa pasi.

Mnaonijua mnajua kuwa kila Shaabani huweka nia. Safari hii nilinuia kuandika ukurasa mmoja kila usiku baada ya tarawehe. Leo nimehesabu: kurasa 11. Tena zote zimo ndani ya daftari la vipimo vya wateja, maana lile la kuandikia nililinunua Darajani, zuri, jalada gumu, nikaliogopa. Mpaka sasa halina hata jina langu.

Kwa fundi cherehani Ramadhani ina mambo yake. Kumi la mwanzo watu huuliza bei. Kumi la kati huleta vitambaa. Kumi la mwisho huleta vitambaa vingine na kuuliza vile vya mwanzo viko wapi. Na joto la mwaka huu! Mwezi wetu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa miladia. Mwaka 2021 tulifunga Aprili kuingia Mei, na masika yake, nguo zinakataa kukauka; sasa umetuangukia Februari na Machi, kaskazi ikimalizikia. Feni huwezi kuiwasha wakati wa kukata, kitambaa kinaruka. Basi nakata nimezima feni, jasho linafuta mstari wa chaki.

Nikusomeeni kidogo nilichonacho. Kifua 38, urefu 54, mkono 22, na chini yake: "Muuza kahawa kapita anagonganisha vikombe. Mzee mmoja barazani kaanza kucheka kabla hajaambiwa kitu." Kiuno 32: "Harufu ya iliki imeingia ndani, jirani mwenyewe bado yuko kwenye ngazi." Alikuwa analeta kaimati. Sahani ya mtu hairudishwi tupu, kwa hiyo kesho yake ikarudi na tambi za nazi. Ikaja tena na sambusa. Ikaenda na mkate wa kumimina. Ikapitia nyumba ya tatu, ikarejea na muhogo, na kufika kumi la mwisho hakuna aliyekumbuka sahani yenyewe ni ya nani. Hilo nimeliandikia kurasa mbili nzima, ndizo ndefu kuliko zote. Ukurasa mwingine una neno moja tu, "daku", kisha kalamu imeteleza mpaka ukingoni. Usingizi.

Siku moja sentensi nzuri ilinijia mkasi uko mkononi. Nilipozinduka nimekata mikono ya gauni la watu, mifupi vidole vinne. Nikaunga lesi. Mwenye gauni kaipenda lesi kuliko gauni lenyewe. Ile sentensi nimeisahau.

Wala mtu asiniambie tatizo ni maneno. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa wakakichagua Kiunguja, lahaja ya hapa kwetu, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mimi nimezaliwa ndani yake, na bado nilikaa nusu saa nikitafuta jina la ile rangi inayoshuka juu ya mapaa kabla tu ya adhana. Mwisho nikamuuliza mama. "Rangi ya magharibi," akasema. "Lete tende."

Nimeiandika hivyo hivyo.

Walioko Pemba, salamu zenu nyingi. Walioko Maskati, ikiwa huko mmesali leo, msitumalizie biriani kwa maneno, sisi kwetu ni kesho. Waliotangulia mbele ya haki Mungu awarehemu. Mwaka huu kanga za watu wawili nimezikunja nikazirudisha kabatini, sikuweza kuzikata.

Pishi za mchele za zaka zimeshatoka. Kesho tukitoka msikitini watoto wa dada yangu wananidai Mnazi Mmoja, na ubuyu, na pembea, na pesa za sikukuu, noti mpya, wamesisitiza. Niliowachelewesha na niliowajibu kwa ukali na sindano mdomoni, nawataka radhi. Nina deni la baibui moja na suruali mbili; njooni sikukuu ya tatu, si kabla.

Na ile sahani ya buluu yenye ua katikati imeishia kwangu. Mwenyewe aje. Nimeshaitia halua.