Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Ultrasaundi Ikae Kando ya Kitanda

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni daktari wa wodi ya wagonjwa mahututi. Naomba mashine ya ultrasaundi itoke kwenye chumba cha picha kinachofungwa jioni, ikae wodini.

Mgonjwa anapoletwa presha imeshuka na mikono imepoa, tunajiuliza: tumtundikie dripu au tusimtundikie? Tukimnyima maji anayoyahitaji, figo zinaumia. Tukimzidishia, mapafu yanajaa na anaanza kutweta machoni petu. Presha na mapigo ya moyo havitoshi kutupa jibu, kwani ni takriban nusu tu ya wagonjwa hawa ambao moyo wao husukuma damu zaidi wakiongezewa maji.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu (wenye kuharisha hawakuwemo). Katika saa 48, waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ya asilimia 10. Ambao hawakupewa, asilimia 7.3. Tangu nisome takwimu hizo, sifungui dripu kwa mazoea.

Kwa ultrasaundi, ndani ya dakika chache naona moyo unavyosukuma, na mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kama umenywea au umejaa. Kwenye mapafu, mistari myeupe inayoshuka kutoka juu ikiwa mingi, hushuku yameanza kulowa, mara nyingi kabla sikio halijasikia kitu. Kisha tunamwinua miguu ili damu iliyomo miguuni ielekee moyoni, nami natazama kama damu inayotoka moyoni imeongezeka kwa asilimia 10 au zaidi, dalili kwamba huenda maji yatamsaidia. Hiyo ni damu yake mwenyewe. Tukishusha miguu inarudi ilikotoka. Dripu ikishaingia hairudi.

Lakini mshipa ule hudanganya. Mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kupumulia, au upande wa kulia wa moyo umechoka, mshipa huo huonekana umejaa hata kama mwili hauna maji ya ziada. Kwa hiyo mashine bila mafunzo ni hatari. Tunahitaji mafunzo ya kushikwa mkono, yahesabiwe ndani ya saa za kazi, wauguzi wakiwemo. Na yaanze na watu wa zamu ya usiku, maana saa hizo ndipo tunapokisia zaidi.

Wako mtiifu,
Daktari wa wagonjwa mahututi