Barua kwa mwanangu: Ali wa mwaka gani, na Tyson wa mwaka gani?

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda vyema. Juzi kwenye simu ulisema kwamba Mike Tyson angemlaza Muhammad Ali kabla ya raundi ya 3, nami nikakataa, lakini salio likaisha kabla sijakueleza kwa nini. Nakuandikia kwa sababu jambo hili nalipenda tangu ujana wangu.

Tukubaliane miaka kwanza, maana ubishi juu ya mabondia ambao hawakukutana huharibika pale kila mtu anapomleta bondia wa wakati unaomfaa yeye. Ali unayemtaja wewe ni yule wa Kinshasa, aliyeegemea kamba Oktoba 30, 1974, akamwacha George Foreman arushe makonde mpaka nguvu zikamwishia, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Ushindi ule nauheshimu kuliko mwingine wowote. Hata hivyo, Ali alikuwa na miaka 32, na miguu yake haikuwa ile iliyokuwapo kabla hajakataa kujiunga na jeshi mwaka 1967 na kuwekwa nje ya ulingo kwa zaidi ya miaka 3. Ali ninayemleta mimi ni wa Novemba 14, 1966, pale Houston, alipommaliza Cleveland Williams katika raundi ya 3 kwa makonde aliyoyarusha huku akirudi nyuma. Wewe nakupa Tyson wa Juni 27, 1988, aliyehitaji sekunde 91 tu kummaliza Michael Spinks.

Haki inanilazimu niseme kwamba ushahidi wa pande zote mbili una dosari. Williams alikuwa amepigwa risasi na polisi mwaka 1964 na hakuwa tena mtu yule yule, naye Spinks alijijengea jina katika uzito wa chini kabla ya kupanda uzito wa juu.

Hofu yangu juu ya Ali ni mkono wa kushoto unaozunguka. Henry Cooper alimwangusha kwa mkono huo mjini London mwaka 1963, na Joe Frazier, mfupi anayeinama na kuyumbisha kichwa kama Tyson, akamwangusha tena katika raundi ya 15 Machi 8, 1971, akashinda kwa pointi. Frazier huchelewa kupata moto, ilhali Tyson huingia nao tangu kengele ya kwanza. Kwa hiyo sikudharau, mwanangu: raundi 4 za mwanzo ningezitazama nimeshika moyo.

Lakini kumbuka kwamba Ali ana kimo cha sentimita 191 na Tyson 178, na kwamba Ali, mara zote mbili nilizozitaja, aliinuka. Mwezi Mei 1986 James Tillis, bondia mwenye miguu myepesi ambaye hakukaribia kipaji cha Ali, alizunguka ulingo na kumfikisha Tyson raundi zote 10, ingawa alishindwa kwa pointi. Sikutajii kipigo alichopewa Tyson na Buster Douglas kule Tokyo mwaka 1990, kwa sababu Tyson yule hakuwa amejiandaa, nami sitaki kushinda ubishi kwa njia hiyo. Nakutajia badala yake pambano la pili la Ali na Frazier, Januari 1974, ambamo Ali alimkumbatia Frazier shingoni kila alipoingia ndani, na mfupi akishikwa hivyo hana pa kurushia konde.

Hukumu yangu ni kwamba Ali anaanguka mara moja mapema, anainuka, na kufikia raundi ya 9 Tyson anafuata kivuli. Mwamuzi anasimamisha katika ya 11.

Tazama pambano la Tillis lote kabla hujanijibu.

Ni mimi mama yako.