Kompyuta isomayo eksirei ipimwe kwa vifua vyetu

Mhariri,

Tangu Machi 2021, Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba programu za kompyuta zaweza kutumika badala ya msomaji binadamu kuchunguza kifua kikuu kwenye picha za eksirei za watu wa miaka 15 na zaidi. Kwa vituo visivyo na daktari bingwa wa mionzi hiyo ni nafuu kubwa, nami siipingi.

Hata hivyo, mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba programu iliyofunzwa kutambua nimonia ilishuka ufanisi katika ulinganisho 3 kati ya 5 ilipopewa picha za hospitali nyingine. Programu hiyo iliweza kuitambua hospitali kwa vitu kama kile kipande cha chuma ambacho mpiga picha huweka pembeni, na kwa kuwa wagonjwa wa nimonia walikuwa wengi zaidi hospitali moja, ingeweza kubahatisha jibu, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani.

Naomba wizara na vyuo vikuu vyetu, kabla ya kununua, vizijaribu programu hizi kwa picha za hapa nchini, hasa za waliowahi kuugua kifua kikuu, kwani makovu ya zamani huzichanganya.

Msomaji wako,
Dodoma